Kiingereza cha Kuombea Maji na Kiingereza cha Kuchukulia Shamba

Wasomi wenzangu, kuna mchezo tunaupenda kuliko hata mechi ya Simba na Yanga. Mchezo wenyewe ni kumcheka Mtanzania aliyekosea Kiingereza. Kiongozi akichanganya "he" na "she", mrembo akikwama jukwaani, msanii akihojiwa na redio ya nje akajibu kwa kubabaisha, siku hiyo hatulali. Video inazunguka nchi nzima kabla jua halijazama. Na wanaoongoza kucheka si bibi zetu vijijini, maana wao hata hawajui kakosea wapi. Ni sisi. Sisi wenye digrii, tunaojua tofauti ya "their" na "there", tukaona hiyo ndiyo elimu.

Leo nataka kugombana na kicheko hicho. Sigombani nacho kwa kudai kwamba Kiingereza hakina maana, hapana. Ung'eng'e ninautumia kila siku kazini, na humu humu nitatoa somo dogo la bure. Ninachosema ni kwamba tunacheka mahali pasipo na madhara, halafu tunanyamaza mahali penye madhara. Makosa ya Kiingereza yanayotuvunja mbavu hayajawahi kumpokonya mtu hata jembe. Kile Kiingereza ambacho hatukicheki, kwa sababu kimeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, ndicho kinachokula watu.

Ushahidi wangu nautoa wilaya moja tu, Kilosa, mkoani Morogoro. Kazi imenipeleka huko mara kadhaa. Kwa asiyepajua, makao makuu ya wilaya ni mji wa Kilosa, mji mkongwe wa reli ya kati, wenye mashamba ya mkonge pembeni na mabonde ya mahindi na mpunga. Kusini mwa wilaya hiyo hiyo, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, kuna mji mdogo wa Mikumi. Mikumi inaishi kwa malori, mabasi, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Na ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa njia ya ndani, unapita kata inayoitwa Ulaya. Sitanii. Ulaya hiyo haihitaji viza, inahitaji bodaboda.

Ndani ya wilaya hiyo moja kuna Kiingereza cha aina mbili. Cha kwanza kinasemwa kwa mdomo, Mikumi, na vijana wanaotafuta riziki kwa wageni. Hicho tunakiita Kiingereza cha kuombea maji. Cha pili kimeandikwa, kimelala kwenye majalada, mikataba na sheria. Hicho hatujakipa jina la utani. Tuanze na cha kwanza.

KIINGEREZA CHA MIKUMI

Chukua kijana anayeongoza wageni, au dada anayehudumu hotelini kando ya barabara kuu. Nyumbani anazungumza Kividunda au Kisagara. Sokoni Kiswahili. Akifika mgeni, anakusanya Kiingereza alichookota sekondari na anachokiokota kazini. Haya ndiyo makosa ninayoyasikia mara kwa mara, nayo ni yale yale utakayoyasikia Arusha, Zanzibar au Kariakoo. Nayaandika pamoja na dawa yake, ili asiwepo mtu wa kusema tulicheka tu bila kufundisha.

La kwanza ni "sorry". Mgeni amejikwaa kwenye mzizi, kijana anasema "Sorry!" Mgeni anajibu "It's not your fault", na kila mmoja anabaki kumshangaa mwenzake. Sababu ni kwamba Kiingereza hakina neno "pole". "Sorry" imebebeshwa mizigo miwili, samahani na pole, na Mwingereza akiisikia peke yake hapo, masikio yake yanakimbilia samahani. Mtu akijikwaa sema "Are you all right?" Akiwa na msiba sema "I'm sorry for your loss", akikupa habari mbaya sema "I'm sorry to hear that". Na "pole na kazi" iache hapa hapa nyumbani. Ukisema "sorry for the work" mwenzako atadhani umeidharau kazi yake.

La pili, "I am coming". Dada ameagizwa soda, anageuka kuelekea jikoni huku anasema "I am coming". Sisi tunamwelewa vizuri sana: nakuja, maana yake naondoka ila narudi sasa hivi. Mgeni yeye anaona mtu anayesema anakuja huku anatokomea. Hapo sema "I'll be right back". "I'm coming" itumie ukiwa unaelekea aliko yule unayesema naye, kwa mfano amekuita uko jikoni nawe unamwitikia.

La tatu, "borrow" na "lend". Kiswahili kinalo neno "azima" linalofanya kazi pande zote mbili. Nimeazima jembe kwa jirani, jirani ameniazima jembe. Kiingereza kimewatenganisha hawa watu wawili. Anayechukua ndiye "borrows", anayetoa ndiye "lends". Kwa hiyo "Can you borrow me your pen?" ni kosa. Sema "Can you lend me your pen?" au "Can I borrow your pen?"

La nne limewashinda hata wenye digrii: "used to". Ziko tatu na zinafanana kama mapacha. "I used to drive a lorry" maana yake zamani nilikuwa naendesha lori, sasa siendeshi. "I am used to driving a lorry" maana yake nimezoea kuendesha lori. "The lorry is used to carry sugar" maana yake lori linatumika kubebea sukari. Sasa fikiria dereva anayetaka kumtuliza mgeni mwenye hofu ya tembo, anamwambia "I used to drive in the park" akidhani amesema nimezoea. Amemwambia kwamba kazi hiyo aliiacha.

La tano, "few" na "a few". Ukisema "There are few lions here", umemkatisha mgeni tamaa, simba ni wachache mno, asitegemee. Ukisema "There are a few lions here", umemwambia wapo kadhaa, tujaribu. Herufi moja tu hiyo, na biashara imeharibika au imepona.

La sita, "hard" na "hardly". Kijana anamsifia mpishi rafiki yake kwa mgeni, "My friend hardly works". Anataka kusema rafiki yangu ni mchapakazi. Alichosema ni kwamba rafiki yake kazi haigusi. Mchapakazi ni "He works hard", bila "ly".

La saba, "on time" na "in time". Tangu treni ya umeme ianze kupita Kilosa mwaka 2024, maneno haya yamepata kazi. "The train left on time" ni kwamba imeondoka dakika ile ile iliyoandikwa kwenye ratiba. "I arrived in time" ni kwamba nimewahi, nimefika kabla haijaniacha. Treni inaweza kuwa "on time" na wewe usiwe "in time". Utabaki na begi lako.

La nane ni "yes" na "no", na hili naomba ulishike, maana tutakutana nalo tena mbele. Mgeni anauliza "Don't you have chips?" Dada anajibu "Yes". Mgeni anakaa nusu saa akingoja chipsi ambazo hazipo. Kwa Kiswahili tunajibu usemi wa muulizaji: hamna chipsi? Ndiyo, hamna, umesema kweli. Kwa Kiingereza unajibu jambo lenyewe. Zipo, "yes". Hazipo, "no". Namna swali lilivyoulizwa haihusiki.

Basi, makosa manane hayo, na umeyasoma kwa dakika chache. Sasa niambie, lipi kati yake limetokana na ujinga? Karibu yote yametokana na mtu kukijua Kiswahili vizuri na kukihamishia kwenye lugha nyingine. Huyu kijana ana lugha tatu kichwani. Anajua nyayo za chui na fisi, anajua tembo akitikisa masikio anamaanisha nini, anajua nyati aliyejitenga na kundi ni wa kuogopwa. Mgeni anayeongozwa naye mara nyingi ana lugha moja tu. Halafu sisi, tuliosomeshwa kwa kodi ya wakulima wa mkonge na miwa, ndio tunaotoa simu mfukoni kumrekodi!

KIINGEREZA CHA KILOSA

Sasa ondoka barabara kuu, pita Ulaya, ingia makao makuu ya wilaya. Hapa hakuna mgeni wa kumchekesha. Kuna karatasi. Na kwenye karatasi hizi kuna misemo ya Kiingereza ambayo sisi wasomi tunaichanganya kila siku, na hakuna anayecheka, kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba tumeichanganya.

Anza na mkataba wa ajira. Wengi wetu tumeusaini bila kuusoma, sembuse kibarua wa shamba. Humo kuna "in lieu of". Nimewasikia watu wazima na vyeti vyao wakiisoma kama ndugu wa "in view of" au "in line with". Siyo. "In view of" ni kwa kuzingatia. "In line with" ni kwa mujibu wa, au kulingana na. "In lieu of" ni badala ya. Mkataba ukisema "payment in lieu of notice", maana yake mwajiri anaweza kukulipa fedha badala ya kukupa notisi. Utapewa kimoja. Ukiamini kwamba utapewa notisi kwanza kisha fedha juu yake, utapiga hesabu ya vitu viwili, na siku ya kuondoka utaambiwa kesho usije. Anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka apewe notisi isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira. Ni wangapi Mikumi na Kilosa wanaolijua hilo kwa lugha yao?

Halafu kuna "within" na "in". Tangazo likisema "within 30 days", maana yake ndani ya siku 30, siku yoyote kabla hazijaisha. Likisema "in 30 days", kwa kawaida maana yake ni siku 30 zikishapita. Kwa kuwa "in" tumefundishwa kwamba ni "ndani ya", tunayaona maneno haya ni kitu kimoja. Mtu mwenye haki ya kukata rufaa "within 30 days" akielewa kwamba siku 30 zikiisha ndipo aende, atafika mlango umefungwa. Na mbele ya mlango huo ataambiwa kwamba kutoijua sheria si utetezi. Jamani, kutoijua sheria au kutokijua Kiingereza?

Tuje kwa mfalme wao, "subject to". Shuleni "subject" ni somo, Hisabati ni "subject", Jiografia ni "subject". Kwenye mkataba ni mnyama mwingine kabisa. Mwekezaji anafika kijijini, anaahidi shule, zahanati na barabara. Maandishi yanasema kampuni itajenga shule "subject to availability of funds". Mtafsiri, ambaye ni msomi mwenzetu, anasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutangaza: kampuni itajenga shule. Makofi. Hakutafsiri mkia. Mkia unasema: iwapo fedha zitapatikana. Na nani ataamua kama zimepatikana? Yule yule mwenye fedha. "Subject to" maana yake ni kwa sharti kwamba, na kila ukikutana nayo ujue ahadi iliyotangulia imefungwa kamba shingoni. Rafiki yake wa karibu ni "may". "The company shall build" ni wajibu, lazima ijenge. "The company may build" ni hiari, ikipenda. Kwenye mkutano zote mbili zinatoka mdomoni mwa mtafsiri kama "itajenga".

Sasa ardhi, maana Kilosa bila ardhi haizungumziki.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zilianza kutumika Mei 2001. Zote zilitungwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo ardhi yake nyingi iko vijijini, na vijijini hakuna mkutano hata mmoja unaoendeshwa kwa Kiingereza. Sheria hizo zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Hifadhi ya Mikumi iko kwenye fungu la kwanza. Mashamba na malisho ya vijiji yako kwenye la pili. La tatu, ardhi ya jumla, haliko chini ya kijiji. Linasimamiwa na Kamishna wa Ardhi, na ni humo ndimo wawekezaji hutafutiwa maeneo.

Sasa tazama. Sheria Namba 5 inaeleza kwamba ardhi ya jumla ni ardhi ya umma ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji. Imeishia hapo. Sheria Namba 4 inasema hivyo hivyo, kisha inaongeza maneno saba: "and includes unoccupied or unused village land". Yaani, pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Sheria mbili za mwaka mmoja, kutoka Bunge moja, na kitu kile kile kina maana mbili. Wanasheria wamekuwa wakiujadili mgongano huu miaka mingi kwenye makongamano. Mkulima anayehusika hakualikwa.

Mimi nashika neno moja tu hapo, "unused". Isiyotumika lini? Leo? Msimu huu? Miaka kumi? Neno lenyewe halisemi. Mkulima aliyepumzisha shamba misimu miwili ili udongo urudishe nguvu, shamba lake halina zao, lakini kulipumzisha ndiyo matumizi yenyewe. Mfugaji wa Kiparakuyo aliyehamisha ng'ombe kiangazi, malisho aliyoyaacha yanaonekana matupu kwa afisa aliyekuja na gari mchana mmoja. Mwezi ujao mvua ikinyesha atarudi. Je, hiyo ni "unused"? Kumbuka somo letu la Mikumi. "We used to graze here" ni kwamba tulikuwa tunachungia hapa, tumeacha. "We are used to grazing here" ni kwamba tumezoea kuchungia hapa. "This land is used for grazing" ni kwamba hapa panatumika kwa malisho. Mzee anayejieleza kwa Kiswahili mbele ya tume atasema "hapa sisi tulikuwa tunachungia tangu enzi za babu". Mwenye kalamu akiandika "they used to graze here", amemwondoa mzee kwenye ardhi yake kwa sarufi safi kabisa, isiyo na kosa hata moja la kuchekwa.

Na Kilosa si mahali pa kufanyia mzaha wa ardhi. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani humo, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba neno la Kiingereza ndilo lililoshika silaha. Mgogoro ule ulikuwa na mizizi mingi, maji, malisho, mipaka, na viongozi kutosikiliza. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo ardhi imeshamwaga damu, kila neno linalosema ardhi hii ni ya nani linapaswa kueleweka na yule anayelala juu ya ardhi hiyo.

Hebu piga picha maneno yale saba yangesomwa kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla sheria haijapitishwa. "Pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika." Nakuhakikishia mzee mmoja wa nyuma, mwenye kofia, asiyejua "borrow" wala "lend", angenyoosha mkono na kuuliza: isiyotumika tangu lini, na nani anahesabu? Swali hilo lingeuliza jambo zima. Halikuulizwa kwa sababu wenye kulijua hawakuelewa kinachosemwa, na waliokielewa hawakuwa na shamba la kupoteza.

Mwisho, mahakamani. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani. Lakini ukipanda mahakama ya wilaya, kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza, akitafsiri hapo hapo huku mkono unakimbia. Sasa rudi kwenye chipsi za Mikumi. Wakili anauliza: "Hukumwona mshtakiwa usiku ule?" Shahidi anajibu: "Ndiyo." Amesema ndiyo, sikumwona. Ikiandikwa "Yes" tupu kwenye jalada, na miezi kadhaa baadaye jaji wa rufaa akaisoma kwa masikio ya Kiingereza, shahidi ameshamwona mshtakiwa. Hotelini kosa hili linamcheleweshea mtu chakula. Kizimbani linaweza kumcheleweshea mtu miaka.

Hili la mahakama angalau limeguswa. Mapema mwaka 2021 Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kwenda Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo wa Februari Bunge likapitisha marekebisho, Sheria Namba 1 ya 2021, yanayosema lugha ya sheria na ya mahakama itakuwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Ni hatua kubwa, na aliyeichukua anastahili pongezi. Lakini sheria mpya haifuti majalada ya zamani, wala haiandiki upya mikataba iliyokwisha kusainiwa, wala haimzuii mwajiri wa leo kumwekea kibarua kurasa sita za Kiingereza na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sahihi.

WATASEMA

Najua majibu yatakayonirudia. La kwanza: wewe unataka tuwe kisiwa, Kiingereza ni lugha ya dunia. Nani kasema tukiache? Nimetumia nusu ya makala hii kufundisha "used to". Nataka kijana wa Mikumi akijue barabara, maana ni jembe lake la kazi. Lakini tazama tunavyomfundisha. Miaka saba ya shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, ghafla Fizikia kwa Kiingereza, Historia kwa Kiingereza, na mwalimu mwenyewe anahangaika. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliahidi kupandisha Kiswahili hadi juu, ila madarasa ya sekondari yamebaki na Kiingereza. Matokeo yake kijana anakariri sentensi asizozielewa, anatoka bila Fizikia na bila Kiingereza. Lugha hufundishwa kama lugha, na mwalimu anayeijua, kwa kulinganisha na ile mwanafunzi aliyo nayo, kama tulivyofanya hapo juu na "azima". Haifundishwi kwa kumzamisha mtoto majini na kumcheka anapokunywa maji.

La pili: Kiswahili hakina maneno ya kisheria. Jamani! Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967. Na kabla hatujachoka, tumkumbuke Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais na bado akapata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Mnaijua hadithi yake. Kuna mkataba unaompa mkopeshaji ratili ya nyama ya mdaiwa wake, na mdaiwa anaokolewa na mtu aliyeusoma mkataba ule neno kwa neno: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Kama Kiswahili cha 1969 kiliweza kubeba kesi hiyo, kitashindwaje kubeba mkataba wa kibarua wa mkonge?

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote: wanakijiji waelimike, wasisaini wasichokielewa. Maneno matamu hayo. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeuweka mzigo huo begani kwa mwajiri. Mfanyakazi asipoelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuhakikisha yameelezwa kwa namna ambayo mfanyakazi ataelewa. Kwa hiyo anayevunja sheria hapo si yule asiyejua "in lieu of". Ni yule aliyeiandika akanyamaza.

TUFANYE NINI

Mambo matatu tu, na yote yanawezekana bila kusubiri bajeti.

Ukimsikia mtu amekosea, mweleze pembeni, kwa heshima, kama unavyomwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka. Dakika moja inatosha. Simu iache mfukoni.

Wewe uliyesoma ukiitwa kijijini kwenu kutafsiri karatasi, tafsiri mpaka mkia. Ukikutana na "subject to", "in lieu of", "may", "within", simama hapo, waambie wazee: hapa pana jambo. Na msemo usioujua usiubahatishe. Sema hapa sijui, tutafute anayejua, karatasi isisainiwe leo. Mwenye mkataba halali atasubiri hadi kesho.

Na sisi wa magazeti tuache kuandika "wanakijiji wamesaini mkataba" kana kwamba habari imeishia hapo. Tuulize umeandikwa kwa lugha gani, nani aliutafsiri, na ikitokea tafsiri mbili zimegongana, ni ipi inayoshika. Mkataba wa Mtanzania na ardhi ya Tanzania uandikwe kwa Kiswahili kwanza, na Kiingereza ndicho kiwe nakala.

Kijana wa Mikumi ataendelea kusema "I am coming" huku anaondoka, na mgeni atamsubiri, na soda italetwa. Wale waliokuja Kilosa na "subject to" zao waliondoka pia. Shule bado inasubiriwa.

Naomba kuwasilisha.